Kompyuta tatu za Wete: kufungua mlango wa ruta au VPN?

Nyumbani Wete kuna kompyuta tatu: ya mama mdogo, ya duka, na kuukuu moja ya kuhifadhia picha. Mimi niko Mjini, Unguja, na simu haziishi: "Mwanangu, imeganda tena."

Nikataka kuziingia na kuzirekebisha nikiwa huku huku. Nilianza na ruta, kile kifaa kinachogawa intaneti nyumbani. Remote Desktop ya Windows, ya kuendesha kompyuta ukiwa mbali, husikiliza mlango 3389; mlango hapa ni namba tu ya kuingilia. Anwani ya nje ya nyumba nzima kwenye intaneti ni moja, kwa hiyo kila mashine niliipa mlango wake wa nje: 3389, 3390, 3391. Karatasini safi. Kumbe Windows ya toleo la Home haikubali kuingiwa kwa njia hii, mpaka iwe toleo la Pro. Tena intaneti ya laini ya simu mara nyingi huwarundika wateja wengi nyuma ya anwani moja ya umma; mlango unaufungua, lakini hakuna anayeufikia. Na ukifikika, wadukuzi nao watabisha hodi usiku kucha.

Nikageukia VPN, njia ya faragha inayounganisha mashine zako kupitia intaneti. Niliyoichagua, Tailscale, haina haja ya kugusa ruta. Unaiweka kila mashine, unaingia kwa akaunti ileile, kila moja inapata anwani inayoanza na 100, na data hupita zikiwa zimesimbwa, wengine wasizisome, kwa itifaki iitwayo WireGuard. Hiyo ni njia tu, lakini. Skrini ya mashine ya mbali utaiona kwa programu kama VNC au RustDesk. Mimi nimebaki hapa.

Umeme ukikatika, njia zote mbili hazifai kitu. Ingia BIOS, mipangilio ya msingi ya mashine kabla Windows haijawaka, weka mashine iwake yenyewe umeme ukirudi. Ya mama mdogo sikuiweka, na mpaka leo namwambia kwa simu: "Kile kitufe cha duara, mama."