Kampuni Iliyotuhamishia Mashambani: Walijua Shule, Hawakuijua Barabara

Mume wangu nami tuliamua kuwatoa watoto wetu watatu katika nyumba ya ghorofa mjini na kuwapeleka mashambani, kwa sharti moja tu, kwamba wasizikose shule nzuri za mji ule ule. Kwa kuwa sote wawili tumeajiriwa na hatukuwa na siku za kuzunguka vijiji, tuliipa kazi hiyo kampuni ya ushauri inayohudumia familia zinazohama. Sasa, baada ya muhula mmoja na nusu wa kuishi huku, naweza kuieleza kazi yao bila pupa.

Kilichonipa imani tangu mwanzo ni namna wanavyolipwa. Dalali wa kawaida hula kamisheni ya mauzo, na nyumba ikiuzwa ghali fungu lake huongezeka. Hawa walitoza ada isiyobadilika, nusu yake ikilipwa siku ya kutia saini na nusu nyingine siku ya kukabidhiwa funguo, na mkataba ulitamka wazi kwamba hawapokei chochote kutoka kwa muuzaji. Nilimwuliza mshauri wetu jambo hilo mara mbili kwa maneno tofauti, akanijibu vile vile mara zote mbili.

Katika suala la shule walifanya kazi ambayo sisi wenyewe tusingeiweza. Hawakutuletea orodha ya shule zilizopangwa kwa matokeo ya mitihani, kwa hoja kwamba wastani wa alama huonyesha aina ya watoto wanaoingia shuleni kama unavyoonyesha ubora wa ufundishaji. Badala yake walitueleza ni walimu wangapi wameondoka katika miaka ya karibuni, ni wanafunzi wangapi wanaoanza na kufika darasa la mwisho, na, lililo muhimu kuliko yote, kama kuna nafasi katika darasa la kila mmoja wa watoto wetu. Nyumba tuliyoipenda kwanza, yenye mwembe mkubwa uani, ilikuwa ng'ambo ya kijito. Mshauri alitandaza ramani mezani, akapitisha kalamu nyekundu juu ya kijito hicho na kutuonyesha kwamba mpaka wa udahili, yaani wa eneo ambalo shule tuliyoitaka hupokea watoto wake, unaishia hapo hapo. Tuliiacha. Nyumba tuliyonunua hatukuitilia saini mpaka shule zilipotupa barua za nafasi.

Kijitabu chao cha matangazo, hata hivyo, kina ukurasa ambao ningeung'oa. Kinautaja utafiti wa wachumi Raj Chetty, Nathaniel Hendren na Lawrence Katz wa mwaka 2016, uliobaini kwamba watoto waliohama kabla ya kutimiza miaka 13 walikuja kuwa na kipato kikubwa zaidi ukubwani. Ni kweli, lakini familia zile za Marekani zilitoka katika makazi ya umma yenye umaskini mkubwa kwenda mitaa yenye umaskini mdogo, jambo ambalo halifanani na kuuza nyumba ya ghorofa ili upate bustani. Tena kijitabu kinanyamaza kuhusu waliohama wakiwa wakubwa zaidi, ambao hawakupata faida hiyo. Binti yetu wa kwanza ana miaka 15, na ningependa kuambiwa hilo kabla, wala si kulisoma mwenyewe baadaye.

Ukaguzi wa nyumba ulikuwa makini. Fundi wao alichota maji ya kisima kwa chupa iliyotakaswa, akaiweka kwenye sanduku la barafu na kuifikisha maabara siku ile ile. Hapakuwa na vimelea vya kinyesi, na nitreti, kemikali ambayo mara nyingi hutokana na mbolea, ilikuwa miligramu 38 kwa lita, chini ya kikomo cha 50 cha Shirika la Afya Duniani, ambacho kimewekwa hasa kwa ajili ya kuwalinda watoto wachanga. Alitushauri kupima tena baada ya mvua, kwa sababu mbolea ya mashamba hushuka na maji. Tangi la maji taka nalo alilifungua, akakuta limejaa tope, na muuzaji akalipia kulinyonya.

Sasa barabara. Ripoti iliandika kwamba kutoka nyumbani hadi shuleni ni kilomita 22, dakika 25. Baadaye nilikuja kujua kwamba safari hiyo ilipimwa Jumamosi saa nne asubuhi. Jumatatu, ukiondoka saa kumi na mbili na dakika 40, ni dakika 55, kwa kuwa magari yote ya upande huu huingia mjini kupitia daraja moja. Anayewapeleka watoto huenda na kurudi asubuhi, kisha huenda na kurudi tena alasiri. Basi la shule lipo, ila huishia barabara kuu, kilomita tatu kutoka kwetu, na huondoka saa tisa kamili, kwa hiyo mtoto mwenye mazoezi ya kwaya au ya mpira hana usafiri. Mwanetu wa pili hufanya hesabu zake kiti cha nyuma, na daftari lake lina mistari inayoruka kila mahali palipo na tuta.

Niliwaandikia. Walijibu baada ya siku tisa, wakakiri kosa bila kujitetea, lakini hawakurudisha hata sehemu ya ada, na hilo sikulipenda. Kuhusu intaneti pia waliiamini ramani ya mtoa huduma, kumbe mkongo, yaani kebo ya intaneti, unaishia barabara kuu. Tumejinusuru kwa intaneti ya setilaiti za mzingo wa chini, zile zinazozunguka karibu na dunia.

Ningewapa kazi tena kwa upande wa shule na nyumba, ila awamu ya pili ya ada ningeizuia mpaka mtu wao aendeshe gari hadi lango la shule asubuhi ya siku ya masomo. Mshauri wetu ameniandikia kwamba familia zijazo zitapewa muda wa safari wa Jumatatu asubuhi. Nimemwomba aongeze na wa jioni, siku ya mazoezi.