Mtambo wa kurudisha maji kiwandani: mimi na waliotufungia tumeshindwana

Nafanya kazi kiwanda cha nondo huku Nyakato, Mwanza, na nimechoka kunyamaza. Kampuni iliyotufungia mtambo wa kusafisha maji ya kupozea mashine ili yatumike tena, simshauri mtu aiite.

Yote yalianza na kimota. Maji yakitoka kwenye rola, yale magurudumu yanayobana chuma kuwa nondo, yanabeba magamba ya chuma na mafuta. Magamba yanazama shimoni, mafuta yanaelea, na kuna mkanda unaozunguka kuyakomba kabla maji hayajasukumwa kwenye chujio la mchanga, yakapanda mnara wa kupoza, yakarudi kazini. Kimota cha ule mkanda kikaungua. Hakuna kengele, hakuna taa. Mafuta yakapita hadi kwenye chujio. Tulipofungua mfuniko, mchanga ulikuwa mabonge meusi yanayonata kama mashudu. Tukausukumia maji kinyumenyume kuuosha, wapi! Mchanga ukishashika mafuta namna ile ni wa kutupa.

Nikampigia mhandisi wao. Alipokuja kupokea siku zimeshapita, na jibu lake ndilo lililoniwasha: "Mzee, mna ziwa zima mlangoni. Si mfungulie tu ya bomba?"

Ya bomba! Mimi naishi Bugarika, juu kwenye mawe. Maji kwetu ni ya mgao, na kina mama wanapandisha ndoo kichwani huku ziwa wanaliona kwa macho. Halafu mtu aliyelipwa kupunguza matumizi ya maji ananiambia maji safi yakapoze nondo, yatoke na mafuta, yaingie mtaroni. Mitaro ya mji huu inaishia ziwani humohumo tunamochota ya kunywa!

Nitende haki. Ulipokuwa mzima, mtambo ule ulikuwa raha. Tuliongeza tu maji yanayopotea kwa mvuke mnarani, na yale tunayomwaga kidogo kidogo ili chumvi isijilimbikize. Mita ya maji ilizunguka polepole mno. Kwa hilo naupa alama zote. Hapana, zote siwezi: mtambo wa bei ile unakosaje kengele?

Mwishowe walimtuma kijana wao mmoja. Akaingia mwenyewe ndani ya chujio na koleo, akakesha nasi kubadilisha mchanga, akaomba radhi ambayo mkubwa wake hajaiomba mpaka leo. Kwa ajili yake nilitaka kufuta maneno ya juu. Siyafuti. Ukilazimika kuwaita, usisaini mpaka kengele na kimota cha akiba viandikwe kwenye mkataba.