Hereni shapu, macho ukungu: miezi minne na lenzi ya 85mm f/1.4

Mama wa binti ndiye aliyeliona kabla yangu. Nilimtumia picha za sendoff kwenye simu, jibu likaja kwa sauti: "Mwanangu, umefanya kazi nzuri, lakini mbona hereni ya mtoto inaonekana kuliko macho yake?" Nikafungua faili kwenye kompyuta, nikavuta hadi asilimia 100. Kweli tupu. Nakshi za ile hereni unaweza kuzihesabu, hata vinyweleo vya sikio. Kope sasa, kama zimepakwa vaselini. Katika picha 40 za karibu za jioni ile, nilizoweza kumpa bila aibu zilikuwa 11.

Lenzi niliinunua Arusha, mkononi kwa jamaa aliyekuwa anafunga studio, milioni moja na laki mbili. Haizumu, ni ya 85mm tu, na inafunguka hadi f/1.4 (namba ya f ikiwa ndogo, tundu la lenzi ni pana zaidi). Kampuni siitaji, maana mbele utaona kwamba lawama zote si zake. Kamera yangu ni ya kioo (DSLR), fulufremu, yaani kibamba chake cha kupokea picha ni kikubwa kama fremu ya filamu ya zamani, nayo ya mtumba. Wiki mbili za kwanza nilipiga mchana hapa Moshi, watoto wa jirani na mlima asubuhi ukiwa wazi, kwa f/4 au f/5.6. Nikajiona nimeokota dodo chini ya mwarobaini.

Tatizo lilikuwepo tangu siku ile ya kwanza, ila f/5.6 ilikuwa inalificha. Kwa 85mm kwenye fulufremu, mtu akiwa mita 2 mbele yako, f/5.6 inakupa kama sentimita 18 za ushapu: pua, macho na masikio, vyote ndani. Fungua f/1.4, zinabaki sentimita 4 na kitu. Msogelee hadi mita 1.2 upate uso peke yake, hufiki sentimita 2. Hapo kamera ikikosea kidogo tu, jicho limekwenda. Na ukichungulia huoni kosa, kwa sababu kioo cha kuchungulia hakikuonyeshi wembamba halisi wa f/1.4. Unaona kila kitu kimekaa sawa, unabonyeza.

Kwa nini ikosee? Kwenye kamera ya kioo, fokasi haisomwi pale picha inapoandikwa. Sehemu ya mwanga inapenya kioo kikubwa, inagonga kioo kidogo cha nyuma yake, inashushwa chini kwenye sensa ya fokasi (kibamba cha kusoma mwanga, siyo sensa ya kuhesabiwa). Safari hiyo ya mwanga inatakiwa iwe sawasawa na ile ya kwenda kwenye sensa ya picha. Kamera ikipishana nywele moja upande huu, lenzi nywele moja upande ule, mnapata ndoa isiyoelewana. Kila mmoja peke yake anaweza kuwa mzima kabisa.

Nilipima mezani. Futi ya fundi cherehani niliibandika kwenye ubao wa kukatia mboga, nikauegemeza kwa mshazari, kisha nikasimamisha kiberiti usawa wa namba 50. Kamera kwenye tripodi, f/1.4, nalenga kiberiti. Kila kabla ya kupiga navuruga fokasi kwa mkono ili ianze upya. Mara kumi kwa kuchungulia, mara kumi kwa skrini ya nyuma. Kwa skrini, kiberiti kilitoka shapu mara zote kumi, maana hapo kamera inasoma kwenye sensa ya picha yenyewe. Nilishusha pumzi: vioo vya lenzi havina ubaya. Kwa kuchungulia, ushapu ulikaa kwenye 53, 54, 53, daima nyuma ya kiberiti. Kosa la namna hiyo, linalorudia palepale, linarekebishika. Lingekuwa linarukaruka, mara mbele mara nyuma, ningemrudia yule jamaa.

Marekebisho hayo yako kwenye menyu: Nikon wanayaita AF Fine-Tune na Canon AF Microadjustment (AF ni fokasi ya kamera yenyewe). Kamera nyingi za bei ya chini hazinayo, angalia kabla hujanunua lenzi ya aina hii. Unapewa kuanzia −20 hadi +20. Fokasi ikiangukia nyuma unakwenda upande wa hasi. Mimi nilitulia kwenye −11.

Halafu nikagundua kosa langu mwenyewe. Nina tabia ya zamani: nalenga jicho kwa pointi ya katikati (alama ya fokasi unayoiona ukichungulia), nashikilia, kisha nageuza kamera kupanga picha. Kwa lenzi ya "kit", ile inayouzwa pamoja na kamera, ya f/3.5, haina madhara. Kwa hii, ukigeuza nyuzi 15 mtu akiwa mita 1.5, fokasi inabaki kama sentimita 5 nyuma ya jicho. Ndiyo hereni ile! Siku hizi nahamisha pointi yenyewe hadi kwenye jicho, ingawa zile za pembeni kwenye kamera yangu ni dhaifu na gizani zinasuasua.

Imepona? Nje, ndiyo. Nikiwa mita 2 mchana, picha nane kati ya kumi macho yako safi hata kwa f/1.4. Ukumbini bado ni bahati nasibu. Zile taa za zambarau wanazozipenda madiji zinaipotosha fokasi, na −11 niliyoipima kwa mita 2 si sahihi sana kwa mita 5. Kwenye kukata ndafu napiga f/2.2 na ISO (wepesi wa kamera kupokea mwanga) napandisha, liwalo na liwe. Rafiki yangu wa Machame mwenye kamera isiyo na kioo ananicheka. Yake inasoma kwenye sensa ya picha na kulifuata jicho lenyewe.

Kama una kamera ya kioo na kazi zako ni za ukumbini, chukua 85mm f/1.8, chenji inayobaki nunua flashi. Mimi hii siiuzi, mandhari ya nyuma inavyoyeyuka nimeshindwa kuachana nayo. Yule mama nilimrudia kupiga upya nyumbani kwake, bure, kwenye kivuli cha mgomba, binti akiwa na hereni zilezile.