TAHADHARI: Kuna tapeli anawauzia kazi ya Kanada wanaosubiri udhamini wa familia

Ndugu zangu, naandika mikono ikitetemeka kwa hasira, mtanisamehe lugha. Kuna mtu anajiita mshauri wa uhamiaji. Anatuwinda sisi ambao waume na wake zetu wako Kanada na mafaili ya udhamini bado yanasubiri, anatuuzia ofa za kazi za uongo. Mimi ameshanila, na najua siko peke yangu.

Hali yangu na baba watoto mnaijua: yeye yuko Kanada, amenidhamini nimfuate kuishi huko, na faili bado linasubiri. Na maneno ya mawifi mnayajua, sina haja ya kurudia. Mtu aliyengoja mpaka akaanza kukwepa simu za ndugu, akiambiwa ipo njia ya kulisukuma faili, lazima atasikiliza. Anayenicheka angoje kwanza yamfike.

Alipiga jioni. Sauti ya upole, hana haraka. "Dada, faili lako naona lipo hatua ya kukagua vigezo." Mimi sikuwa nimemwambia! Nikaamini ana mtu ndani. Leo ndiyo najua alizoa habari hizo kwenye makundi yetu ya simu, tunakoandika kila siku nani kafika hatua gani. Akaniuliza mume wangu anafanya kazi gani huko, na analipwa kiasi gani. Nikamjibu. Akanyamaza kidogo, akashusha pumzi. "Hapo ndipo lilipokwama, dada. Kipato cha mzee ni kidogo. Afisa anajiuliza utaishije ukifika. Ila ukiwa na kazi yako tayari, hata kesho linapita."

Maneno yale yaliniingia kwa sababu baba watoto anafanya usafi zamu za usiku, na jambo hilo linamuuma kuliko anavyosema. Nikaona bora nitafute kazi mimi, nimpunguzie mzigo, bila hata kumwambia kwanza.

Usaili ukafanyika kwa video. Mzungu kavaa vifaa vya masikioni, nyuma yake rafu za ghala zimejaa maboksi. Akaniuliza kama naweza kuinua kilo 20, kama naweza kusimama zamu nzima, kama baridi nitaiweza. Kila nikijibu anaandika. Akaniambia mwanga ni hafifu, nisogee dirishani. Nikasogea. Akaniuliza kama nina swali lolote kuhusu kampuni. Nani angedhani ni mwizi mtu anayekuuliza kama una swali? Usiku ule ule barua ya ajira ikaingia: nembo ya kampuni, saa 40 kwa wiki, likizo, mpaka bima ya meno. Nililia.

Kisha ikaja hela. Akasema kampuni inahitaji LMIA, kile kibali cha serikali cha kumwajiri mgeni, na ada yake ni dola 1,000 za Kanada. Sikutuma hivi hivi. Niliingia mwenyewe kwenye tovuti ya serikali ya Kanada, nikakuta ni kweli, dola 1,000 kwa kila nafasi. Hapo ndipo aliponimaliza. Hela aliyoitaja ni ya kweli, alichoficha ni nani anayeilipa. Anailipa mwajiri, na sheria inamkataza kumdai mfanyakazi hela hiyo kwa namna yoyote. Nikatuma, kwenye akaunti ya binti mmoja aliyeitwa mhasibu wa ofisi. Baadaye akataka na ada ya kuharakisha. Nayo nikatuma.

Mwisho akataka neno la siri la akaunti yangu ya maombi ili aiunganishe ofa na faili. Nashukuru hapo nilimpigia kwanza baba watoto. Yeye hakugomba. Aliitafuta namba ya kampuni mwenyewe, akaacha ile ya kwenye barua, akapiga. Mama wa ofisi ya wafanyakazi akamjibu kwamba nafasi hiyo hawana na aliyesaini hawamjui. Nilipomrudia yule mtu, unajua alisemaje? Eti nikiendelea na kelele ataandikia uhamiaji kwamba nimenunua kazi. Kisha akanibloki.

Hela naweza kuitafuta tena. Kinachonichoma ni kwamba barua ile ingeingia kwenye faili langu la halali, ndoa yetu ya kweli ingegeuka ushahidi wa uongo. Kanada ikikukuta na taarifa za kughushi inaweza kukufungia miaka 5, na kusema aliyepandisha ni wakala hakukuokoi, maombi ni yako. Mtu anachukua dola zako halafu anakukatia njia ya kwenda kwa mumeo! Huyu afungwe. Na binti wa akaunti afungwe naye, na yule mzungu wa maboksi popote alipo. Wasipewe dhamana, warudishe kila senti ndipo waanze kutumikia kifungo.

Na lile la kipato ni uongo mtupu. Anayemdhamini mwenzi wake, kwa kawaida hawekewi kiwango cha chini cha mapato. Kiwango hicho wanakutana nacho zaidi wanaodhamini wazazi. Mume anasaini ahadi ya kukutunza miaka 3, basi. Ofa ya kazi haihitajiki kabisa kwenye udhamini wa mwenzi, na ukishaingia kama mkazi wa kudumu unafanya kazi kwa yeyote anayekuajiri.

Dalili? Barua za "uhamiaji" zilitoka anwani ya gmail. Namba ya leseni aliyonipa ipo kweli kwenye orodha ya CICC, wanaosimamia washauri wa uhamiaji Kanada, ila ni ya mtu mwingine kabisa. Ukikagua, mpigie mwenye leseni kwa namba iliyo kwenye orodha, siyo uliyopewa. Na hakuna ada ya kuharakisha. Mengine nikiyakumbuka nitaongeza, sasa hivi kichwa hakijatulia.

Baba watoto ameshapeleka taarifa kwenye kituo cha Kanada kinachoshughulikia utapeli, mimi nimefungua jalada polisi. Aliyetapeliwa na mtu huyu anitafute kwa faragha, aje na risiti na picha za mazungumzo, tuyaweke pamoja. Msione haya, haya ndiyo inayomlinda. Na kama ulishampa neno la siri, libadilishe sasa hivi kabla ya kunijibu mimi, kisha fungua faili lako uangalie hajapandisha kitu humo.