Riwaya za Kihispania za kununua kwanza ukiwa msomaji mtu mzima

Kama umejifunza Kihispania ukubwani na sasa unatafuta riwaya yako ya kwanza katika lugha hiyo, usikimbilie kitabu chenye jina kubwa kuliko vyote. Wengi hununua Cien años de soledad cha Gabriel García Márquez, wakakwama mapema katikati ya akina Aureliano na akina José Arcadio, wahusika wengi wanaorithishana majina yaleyale, kisha wakakata tamaa kabisa. Hapa nimepanga vitabu kwa kigezo kimoja: ni kipi utakimaliza ukabaki na hamu ya kingine?

Namba moja kwangu ni La tregua cha Mario Benedetti wa Uruguay, kilichotoka 1960. Ni shajara ya Martín Santomé, mjane wa miaka 49 mwenye watoto watatu, anayefanya kazi ya hesabu katika ofisi moja ya Montevideo. Anaanza kwa kuhesabu muda uliobaki kabla ya kustaafu: miezi 6 na siku 28. Kila tarehe ina maandishi yake, mengine mafupi sana, kwa hiyo unasoma siku mbili tatu ukiwa safarini na kufunga kitabu bila kupoteza mtiririko. Msamiati wake ni wa ofisini, nyumbani, mkahawani, na baadaye wa mapenzi. Ndio huo utakaoutumia ukizungumza na watu. Utakutana na vos mahali ulipofundishwa tú (yote mawili ni “wewe”), kama wasemavyo Montevideo na Buenos Aires, lakini utaizoea haraka.

Kinachofuata ni Crónica de una muerte anunciada cha Gabriel García Márquez wa Kolombia (1981). Sentensi ya kwanza inakwambia kwamba siku hiyo Santiago Nasar atauawa, na kwamba aliamka saa kumi na moja na nusu alfajiri kuingojea meli ya askofu. Kwa anayejifunza lugha, hiyo ni faida kubwa: mwisho unaujua, na tukio lilelile linasimuliwa na mashahidi mbalimbali, hivyo maneno yaliyokupita mara ya kwanza yanarudi. Tena ni kifupi.

Nafasi ya tatu naitoa kwa Las tinieblas de tu memoria negra (1987) cha Donato Ndongo-Bidyogo wa Guinea ya Ikweta, nchi iliyotawaliwa na Hispania hadi Oktoba 1968. Mtoto analelewa kati ya dini ya wamisionari na mila za ukoo wake, na msomaji wa Kiafrika ataelewa mvutano huo bila kuelezwa. Sentensi ni ndefu, kwa hiyo kisiwe cha kwanza, ila natamani kisomwe zaidi huku kwetu.

Nada cha Carmen Laforet (1945) kinakupa Barcelona ya baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe. Kihispania chake ni safi na huzuni yake ni nzito.

Pedro Páramo cha Juan Rulfo wa Meksiko (1955) ni chembamba, na wembamba huo huwadanganya wanunuzi. Wafu na walio hai wanazungumza kwa zamu bila kutambulishwa. Kisubirishe.

Kabla ya kulipa, tazama jalada na ukurasa wa haki za uchapishaji. Neno adaptada, au kiwango cha ujuzi wa lugha kama A2 au B1, lina maana kwamba kitabu kimefupishwa kwa ajili ya wanafunzi. Ukitaka maneno ya mwandishi mwenyewe, tafuta edición íntegra, yaani toleo kamili. Toleo la bolsillo, yaani la mfukoni, ndilo dogo na la bei nafuu, linatosha kwa La tregua na Crónica. Kwa Rulfo nunua toleo la wachapishaji Cátedra lenye jalada jeusi, kwa ajili ya dibaji na tanbihi zake. Kama huna kamusi nzuri, kitabu pepe ni bora: unabonyeza neno na maana inatokea hapohapo.

Na Don Quijote cha Cervantes? Kile cha asili, kilichotoka kwa sehemu mbili 1605 na 1615, kina Kihispania cha kale. Andrés Trapiello alikiandika upya kwa lugha ya leo mwaka 2015. Anza na hicho cha Trapiello.