Kijana wa stationari aliyenifanyia lebo na matangazo ya korosho zangu, Mtwara mjini (nyota 4 kati ya 5)

Wenye haraka niwaambie mapema muende zenu: kazi nzuri, bei inauma kidogo, na kuchelewa anachelewa. Mliobaki sogeeni.

Mimi nauza korosho, na hapo ndo shida yenyewe ilipo, maana huku kwetu nani hauzi? Ukishuka stendi ya Mkanaledi hujapokea hata begi lako mtoto kashakuwekea pakiti mkononi, ukipanda basi la Dar ukifika Mnazi Mmoja ya Lindi wanagonga dirisha na beseni zima. Wote korosho, wote vile vimfuko vya kuonea ndani vilivyofungwa kwa moto wa mshumaa. Na mie nilikuwa wa mshumaa miaka yote, vidole vimeungua sana tu. Nikaenda Nanenane Lindi pale Ngongo nikarudi na zaidi ya nusu ya mzigo, sio kwamba korosho mbaya, watu walikuwa wanapita mezani kwangu kama napanga nguo za kufua.

Nikasema basi nitafute lebo. Wa kwanza niliyempata (sio huyu ninayemsifia, huyo simtaji) alinichaji 30,000 akaniletea stika zinang'aa balaa, kuangalia vizuri ile picha ni ya LOZI. Kachukua mtandaoni. Mtu wa Mtwara jamani, korosho anaijua toka bado bibo limening'inia, unanibandikia lozi? Mteja akaniuliza lozi zako shilingi ngapi nikakosa pa kuangalia. Halafu kanigongea na alama ya ubora ya TBS pembeni, namuuliza hii umeitoa wapi wakati mimi sina cheti, anajibu "nimeweka ipendeze". Nikazichoma zote, siwezi kufungwa kwa urembo.

Huyu wa sasa nilielekezwa na dada muuza sabuni. Nimefika na maelezo yangu mengi, hata kompyuta hakuigusa, kaniuliza tu, "Mama, wiki iliyopita nani na nani walinunua?" Nikaanza kuhesabu kwa vidole: mwalimu mmoja, mama wa shughuli mmoja, waliobaki wote walikuwa wageni wa semina na watumishi wanaorudi kwao likizo. Akacheka akasema "kumbe wateja wako wote wana mabegi". Basi toka siku hiyo kila kitu tulikipanga kwa ajili ya begi. Ile mifuko ya mshumaa ikibanwa na nguo inapasuka, tukahamia pakiti za khaki zenye zipu na kidirisha, gramu 100 na gramu 250, na kuna kiboksi kinachoingia nne kwa mtu anayepeleka zawadi kazini. Mie miaka yote nilikuwa nang'ang'ania nusu kilo, kumbe mtu anataka ndogo nyingi agawe!

Tukagombana kwenye maneno ya mbele. Mimi nilitaka W240 iandikwe kubwaaa, maana hiyo ndo korosho nyeupe nzima, punje kama 240 hivi kwenye pauni moja, nimehangaika kuzichambua watu wajue. Akamuita binti anayetoa kopi, "W240 ni nini?" Binti kajibu "si wati za taa?" Nikanyamaza. Ikaenda nyuma kwa maandishi madogo. Akanihoji nazipikaje, nikamwambia naoka na mkaa sikaangi na chumvi naweka kidogo tu, kwangu hilo lilikuwa jambo la kawaida wala sikuwahi kumwambia mteja. Sasa mbele pameandikwa Korosho za Mtwara, zimeokwa kwa mkaa bila mafuta, na hilo neno bila mafuta ndo watu wanaloshika, wanageuza pakiti wanasoma, akishageuza huyo hatoki.

Nyuma kaweka namba ya WhatsApp kubwa kuliko jina langu. Nikaona kama dharau hivi, ila pakiti inafika Dodoma kwa mtu asiyenijua wala hajui njia ya Mtwara, atanipataje? Oda za kutuma kwa basi nilikuwa sizijui, sasa hivi wiki haipiti bila kwenda stendi na kaboksi.

Alama ya TBS aligoma kabisa kuiweka. Akaniambia nianzie SIDO, wale wa viwanda vidogo, wanipe barua ya utambulisho ndo niende TBS, kaacha na nafasi tupu kwenye lebo kwa ajili hiyo. Naendelea nayo.

Na matangazo. Nilishatupa 20,000 kubusti posti Instagram, mapendo kibao kutoka mikoa ambayo hata basi la kwetu halifiki, mnunuzi hata mmoja hakuna. Yeye kaniwekea 5,000 tu, kachagua Mtwara na Lindi peke yake, na kaniambia stetasi niweke Alhamisi maana Ijumaa na Jumamosi watu wanasafiri, tena nisipost pakiti imesimama kama picha ya pasipoti, nipost moshi, ungo, mkono unachambua. Picha za kwanza kaja kupiga mwenyewe barazani kwangu saa kumi jioni kwa simu tu, hakuna taa hakuna nini.

Sasa nyota moja imeenda wapi. Kwanza kaahidi wiki moja zikaja tatu na siku kadhaa, kila nikipiga umeme umekatika (gesi inatoka hapa hapa Mnazi Bay tunaiona inaelekea Dar kwa bomba, sisi tunasubiri umeme urudi, haya). Pili lebo 200 za kwanza kachapa kwenye karatasi ya kung'aa, ile sehemu ya kuandika tarehe ya kuisha kwa mkono peni haikamati, unaandika vizuri ukishika tu wino wote uko kidoleni na pakiti haina tarehe. Nilirudi na pakiti nikamfutia mbele ya macho yake. Kabadilisha karatasi, ila nusu ya gharama nililipa mimi na sikufurahi.

Tatu, hakutaka kunipa faili la dizaini, eti nikitaka kuchapa nirudi kwake. Hapana, 80,000 nimelipa ya dizaini na lebo nimelipa 40,000 nyingine, faili ni langu. Kanipa baada ya kukaa kwenye benchi lake asubuhi nzima. Wewe ukienda hilo mmalizane kabla hujatoa adivansi, na iandikwe kwenye risiti.

Nitarudi kwake lakini, nataka lebo ya vipande, zile zilizovunjika wanaweka kwenye pilau na kashata. Nendeni asubuhi kabla wanachuo hawajajaa na kopi zao, na mbebe bidhaa yenyewe sio picha. Ila mpime kabla ya kumpa, mie korosho zangu alikula robo nzima akisema anafanya utafiti.