Uzoefu wangu na Spring Boot: miunganisho kumi na mhasibu mmoja

Nilikuwa mtu wa lugha ya programu ya PHP. Java niliingia kwa lazima: SACCOS moja ya Morogoro ilitaka mfumo wa wanachama, hisa, akiba na mikopo, na mwenzangu niliyegawana naye kazi hiyo alishasema PHP haigusi. Tukaanza na Spring Boot 2.7, zana ya Java ya kujengea programu za wavuti. Leo mfumo uko kwenye 3.2, nami nimekesha nao vya kutosha kuwa na la kusema.

Kuanza kulikuwa kwepesi kuliko nilivyotishwa. Unaingia start.spring.io, unachagua chombo cha kujengea programu, Maven au Gradle, unatia tiki unavyovihitaji, unapakua zipu, unawasha, na seva ya wavuti ya Tomcat iliyomo humo humo inaitika kwenye poti 8080. Wakongwe wanasimulia mafaili ya mipangilio ya XML marefu kama msafara wa harusi. Spring yenyewe, ambayo Boot imejengwa juu yake, ilianza kutoka 2004, na Boot ikaja 2014 kuwatua mzigo huo. Mimi sikuubeba, kwa hiyo siwezi kulia nao.

Siku niliyoongeza Spring Security, sehemu yake ya ulinzi, kurasa zote zilifungwa na nenosiri la kubahatisha likachapwa kwenye logi. Nikadhani nimeharibu kitu. Kumbe ndivyo ilivyo: inafunga kwanza, halafu wewe ndiye unayesema nani apite wapi. Kwa mfumo wa pesa za watu, nimeupenda utaratibu huo.

Kilichoniteka zaidi ni Spring Data, sehemu inayozungumza na hifadhidata. Unaandika jina la mbinu (method) tu, swali la hifadhidata inalitunga yenyewe. Kwa kuwa majedwali yetu tuliyapa majina ya Kiswahili, msimbo wetu umejaa vitu kama findByMwanachamaIdAndHali. Kizungu mguu mmoja, Kiswahili mguu mwingine, na inatembea! Mtu mpya akija kwenye timu lazima acheke kwanza.

Sasa niseme la mwisho wa mwezi.

Ilikuwa asubuhi, siku ya makato. Mhasibu wao, mama mtu mzima, akanipigia. “Shikamoo mama.” “Marahaba mwanangu. Mfumo umelala, na watu wako dirishani.” Nikaingia kwenye seva. Prosesa imepumzika, hifadhidata haina kazi, na bado kila ukurasa unazunguka nusu dakika kisha unatoa kosa. Logi inasema muunganisho wa hifadhidata haupatikani, imesubiri milisekunde 30000 ikachoka.

Mkosaji nilikuwa mimi. Mbinu ya kupokea rejesho nilikuwa nimeiwekea @Transactional, alama inayofanya hatua zote ziwe muamala mmoja wa hifadhidata, na ndani yake inaandika malipo, inapunguza deni, halafu inamtumia mwanachama SMS. Siku za kawaida SMS huondoka kwa sekunde moja. Siku ile njia ya SMS ilikuwa nzito, na muda wote wa kusubiri jibu kila ombi lilikuwa limeng'ang'ania muunganisho wake. HikariCP, inayotunza miunganisho hiyo, huweka kumi tu usipoiambia vingine. Makarani wanaingiza malipo, malipo ya simu nayo yanaingia yenyewe: kumi zikaisha, wa kumi na moja akakaa nje hadi akakata tamaa.

Nikajaribu ujanja wa kutuma SMS baada ya muamala kufungwa, kwa @TransactionalEventListener. Haukusaidia, maana muunganisho haurudishwi mpaka msikilizaji huyo naye amalize. Juu ya hapo mpangilio wa Spring Boot uitwao open-in-view ulikuwa umewashwa, kama unavyokuja, na huo hukaa na muunganisho hadi ombi zima liishe. Kila nikiwasha programu logi ilikuwa ikinionya juu yake huo mpangilio, nami napandisha skrini juu kama mtu anayeruka matangazo. Nikauzima. SMS nikazihamishia kwenye jedwali lake, kazi ya pembeni inazichukua na kuzituma taratibu. Mpaka leo hazijawahi kuangusha chochote.

Na hapo ndipo hukumu yangu ilipo. Spring Boot ni nyumba ya kupanga yenye fanicha: unahamia leo hii, unalala kitandani. Lakini kila kilichomo kuna mtu alikichagua kabla yako, na siku ukijikwaa utajikwaa kwenye kitu ambacho hukukileta wewe.

Mengine kwa haraka. Kumbukumbu: mfumo wetu ukiwa haufanyi lolote unakula kama MB 350, na tulianza kwenye seva ya GB 1 yenye hifadhidata humo humo. Marafiki wa PHP walinicheka, nikanunua GB 2. Saa: seva ilikuwa kwenye UTC, saa ya kimataifa iliyo nyuma ya yetu kwa saa tatu, kwa hiyo hesabu za kufunga siku nilizozipangia saa sita usiku zikawa zinaenda saa tisa, na malipo ya usiku wa manane yanasomeka ya jana. Weka zone (ukanda wa saa) ndani ya @Scheduled, alama ya kupangia kazi muda, mapema, usingoje wakaguzi.

Kutoka 2.7 kwenda 3 kulinila siku mbili. Toleo la 3.0, la Novemba 2022, linadai Java 17, na kila penye javax ya Java EE, sehemu ya Java ya mifumo mikubwa, paandikwe jakarta, kwa sababu Oracle ilipoikabidhi Java EE kwa taasisi ya Eclipse Foundation haikuliachilia jina. Kubadilisha majina ni kazi ya dakika kumi. Siku mbili ziliishia kwenye maktaba moja ya zamani ya kutoa ripoti ambayo haikuwa na toleo jipya, ikabidi ripoti tuziandike upya.

Quarkus, mshindani wa Spring Boot iliyoanzishwa na Red Hat, nimeijaribu kwa kazi ndogo. Inawaka upesi sana, na ukibadilisha msimbo unaona mabadiliko papo hapo. Ningekuwa peke yangu pengine ningehamia, ila mwenzangu ameshaizoea Spring na mimi sitaki ugomvi.

Mwezi uliopita tumepanda Java 21 na nikawasha nyuzi pepe (virtual threads), zinazoruhusu maombi mengi kuhudumiwa kwa pamoja, kwa mstari mmoja kwenye application.properties. Mwenzangu akafurahi, akasema sasa tunaweza kupokea maombi elfu kwa mpigo. Tukajaribu. Maombi yote yaliingia bila shida, kisha yakapanga foleni kusubiri miunganisho ile ile kumi.